Sola ya Kukunja Imetua Mezani!

Jamani, nimeishika! Sola ya plastiki, ile ya kukunja, iko mezani kwangu tangu asubuhi, na chai imepoa sijaigusa.

Ni nyembamba kama jalada la nailoni la daftari la shule, zambarau iliyokolea. Ukiiinua dirishani unaona vidole vyako upande wa pili. Nimeizungushia chupa ya maji, haikulia, haikupasuka. Thubutu kuifanyia hivyo paneli ya silikoni!

Nikaunga nyaya mbili kwenye mita ya fundi. Taa ya jikoni tu, wala si jua, na namba zikaruka: volti 4 na ushee! Nikaifunika kwa kiganja, zikaporomoka. Nikaondoa, zikarudi papo hapo. Nimerudia mchezo huo mara ishirini, sioni haya.

Plastiki tunaijua kama nguo ya waya, ya kuzuia umeme usitupige. Lakini mwaka 1977 wanasayansi Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliufukiza utando wa plastiki iitwayo poliasetilini kwa mvuke wa iodini, nao ukapitisha umeme mara mamilioni zaidi ya awali. Mwaka 2000 wakapewa Nobel ya Kemia. (Utando wenyewe ulizaliwa kwa kosa: kichocheo kilitiwa mara elfu zaidi ya kipimo. Kosa tamu hilo!)

Sola yangu nayo ni plastiki ya kupitisha umeme: ndani yake kuna vitu viwili vya kaboni, kimoja kinatoa elektroni, kingine kinaipokea. Mwanga ukipiga, elektroni huchomoka lakini hubaki imeng'ang'ania tundu ililoliacha, na jozi hiyo hutembea nanomita 10 hivi tu kabla ya kuzimika. Kwa hiyo viwili hivyo vimevurugwa pamoja kama wali na maharage, ili popote jozi inapozaliwa mpokeaji awe jirani. Tabaka lote ni kama nanomita 100. Unywele wako ni mnene mara mia tano na zaidi!

Kasoro? Hewa na unyevu huila, lazima ifungwe barabara. Na nguvu yake bado ni ndogo: mwaka 1986 mtafiti Ching Tang, kwa sola ya aina hii, aligeuza asilimia 1 hivi ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zimevuka 19, ila bidhaa za dukani ziko nyuma ya hapo. Paani, silikoni bado ni mfalme. Kwa saa ya ukutani, rimoti na vifaa vidogo vya ndani, nipeni hii, tena leo.