Kioo na Gome: Tukio la Mtandaoni katika Uchoraji wa Michael Armitage

1. Utangulizi

Mnamo Novemba 2014, wanaume katika kituo cha magari jijini Nairobi walimvua mwanamke nguo hadharani, wakidai kwamba mavazi yake hayakuwa ya heshima. Tukio hilo lilirekodiwa na video yake ikasambaa. Siku chache baadaye waandamanaji waliingia mitaani chini ya kaulimbiu #MyDressMyChoice, yaani mavazi yangu ni hiari yangu. Mwaka 2015 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea sanaa London, aliipa picha yake ya rangi jina hilohilo, pamoja na alama yake ya reli.

Makala haya yanauliza swali moja: mchoraji anapochukua tukio ambalo umma uliliona kupitia simu, je, anamrudishia mhusika heshima yake, au anamwongezea watazamaji? Hoja yetu ni kwamba picha hii haina uwezo wa kumrudishia mhusika kitu. Inachoweza, na inachokifanya vizuri, ni kumwonyesha mtazamaji mahali aliposimama.

2. Kioo kimoja, kazi mbili

Kiswahili kinatupatia nyenzo ya uhakiki. Kioo ni kile tunachojitazamia asubuhi. Kioo pia ni kile cha simu ambacho kikipasuka tunampelekea fundi. Neno ni moja, lakini kazi ni mbili: kujiona na kuona wengine.

Katika picha ya Armitage, mwanamke amelala uchi na miguu ya wanaume imejipanga karibu naye. Mkao wake unakumbusha Venus wa Diego Velázquez, mchoro wa karne ya 17 uliohifadhiwa National Gallery, London. Venus wa Velázquez ametupa mgongo, lakini Kupido amemshikia kioo, na ndani ya kioo uso wake unaelekea kwetu. Anayetazamwa anajua kwamba anatazamwa. Kwa Armitage, mahali pa Kupido na kioo chake pamechukuliwa na miguu. Duara la wanaume halijafungwa. Upande uliobaki wazi ni wetu. Hapo tunaposimama sisi ndipo aliposimama mwenye simu.

Ulinganisho huu una historia yake. Mwaka 1914, miaka mia moja kabla ya tukio la Nairobi, Mary Richardson, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliukatakata mchoro huo wa Velázquez akipinga kukamatwa kwa Emmeline Pankhurst. Umma ulishtushwa na majeraha ya mwanamke wa rangi na turubai kuliko mateso ya wanawake walio hai. Mhakiki wa Armitage hana budi kujiuliza iwapo naye hajaangukia mtego huohuo. Rangi za picha hii zinavutia, na mvuto huo ndio hatari yake: mtu anaweza kusifu ufundi wa brashi na kusahau kwamba mwanamke aliyetendewa hayo hakuombwa ridhaa, wala na waliomvua, wala na waliorekodi. Kasoro hii haifutwi na nia njema ya mchoraji.

3. Gome lisiloteleza

Armitage hachori juu ya turubai ya kawaida. Anatumia lubugo, kitambaa ambacho Baganda hukitengeneza kwa kugonga gome la mti wa mutuba kwa nyundo za mbao. Utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa kibinadamu mwaka 2005 na kuingizwa katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Lubugo huvaliwa katika sherehe za kutawazwa na hutumika kusitiri maiti.

Tofauti yake na kioo cha simu ni kubwa. Kioo ni laini. Kila picha huja kwa kipimo kilekile, kisha kidole gumba huisukuma. Lubugo lina mikunjo, mishono na matundu ambayo brashi haiwezi kuyapuuza. Tukio lililopita mbele ya macho kwa sekunde chache linachorwa sasa kwa kazi ya muda mrefu, juu ya kitu kinachoshindana na mkono. Aidha, mwili uliovuliwa nguo umewekwa juu ya kitambaa ambacho asili yake ni vazi na sanda. Hapa ndipo picha inapokaribia zaidi kuwa tendo la stara.

Wapo watakaosema kwamba lubugo limegeuzwa pambo kwa wanunuzi wa Ulaya. Pingamizi hilo lina uzito, hasa kwa kuwa Armitage mwenyewe alilikuta kwanza likiuzwa kwa watalii jijini Nairobi. Hata hivyo, kuanzia hapo sokoni si kulikubali soko. Kulirudishia gome uzito wake kunaweza kuwa jibu kwa biashara hiyo.

4. Watazamaji juu ya mti

Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi nchini Kenya, Armitage alifuatana na waandishi wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani. Safari hiyo ilizaa michoro kadhaa, na baadhi ilionyeshwa Venice mwaka 2019. Katika mmoja, The Fourth Estate, yaani Mhimili wa Nne, watu wamekwea mti ili waone vizuri. Jina ni la vyombo vya habari, lakini walio mtini ni wananchi. Anayetazama amekuwa sehemu ya habari.

Hali hii, ambapo watu wasiokutana wanashiriki tukio moja kupitia vioo vyao, tumezoea kuiita uhalisia pepe. Istilahi hiyo inastahili kupimwa. Mkulima anajua kwamba pepe ni punje tupu isiyo na kiini. Video ya 2014 haikuwa tupu: ilimdhalilisha mtu, ikaleta maandamano, ikabadilisha sheria.

5. Hitimisho

Sheria ya Kenya iliyorekebishwa Desemba 2014 iliweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ikamgusa anayesambaza picha za faragha. Aliyevua ametajwa, aliyesambaza ametajwa. Aliyetazama tu hakutajwa, na pengine sheria haipaswi kumtaja. Nafasi hiyo ndiyo ya sanaa na ya elimu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mitaala ya elimu ya habari katika kanda yetu ifundishe kutazama kama tendo lenye wajibu, na kwamba picha za aina hii zijadiliwe kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao tukio lilikuwa lao. Kuanzishwa kwa Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi aliyoiasisi Armitage mwenyewe mwaka 2020, kunatoa mahali pa kuanzia. Picha iliyochorwa kwa sababu ya kituo cha magari cha Nairobi isiishie kuhakikiwa London peke yake.