Akiba, Dharura au Utayari? Kuhusu Istilahi za Majeshi ya Pamoja

Itifaki ya Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Durban mwaka 2002, iliagiza kuundwa kwa jeshi la pamoja la bara hili, na kanda tano zikapewa kazi ya kuandaa vikosi vyake. Tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja huo. Hivyo jina la jeshi hilo si jambo la magazeti peke yake. Huitwa mara "Jeshi la Akiba", mara "Kikosi cha Dharura". Kwa maoni yetu, yote mawili yana kasoro.

Nchini Tanzania, Jeshi la Akiba ni wananchi waliopewa mafunzo wakarejea katika shughuli zao. Itifaki yasema juu ya vikosi vilivyomo katika nchi zao, tayari kuondoka mara vipewapo amri. "Dharura" nayo hutaja hali ya tukio, si hali ya kikosi. Mpango wa Umoja wataka askari wafike katika siku 14 panapotokea mauaji ya kimbari. Siku hizo hazitoshi kuunda kikosi. Zatosha kukisafirisha tu.

Hatari ya istilahi legevu ilionekana mwaka 2013, Azimio 2098 la Umoja wa Mataifa lilipounda brigedi ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi mashariki mwa Kongo. "Brigedi ya Kuingilia Kati" ni tafsiri inayopotosha. Kwa Mswahili, aingiliaye kati ugomvi ni mwamuzi. Brigedi ile ilipewa idhini ya kushambulia vikundi vyenye silaha. Mwanakijiji huhitaji kujua tofauti hiyo kabla ya mizinga kulia.

Kwa hiyo twapendekeza "Kikosi cha Utayari" kwa jeshi la Umoja wa Afrika, na "Brigedi ya Mashambulizi" kwa ile ya Kongo. Wako watakaosema kuwa "utayari" ni dai kubwa mno, kwani Januari 2013 askari wa Ufaransa ndio waliowahi kuwazuia waasi wa Mali. Sisi twaona hiyo ndiyo sifa ya neno lenyewe: jina litajalo wajibu humsuta asiyeutimiza, lakini akiba hukaa tu ghalani.

Tunawaomba wasomaji, hasa walio jeshini, watuletee maoni yao.