Yalipendwa na Nani?

Taa zilipozimwa, kitu cha kwanza kuonekana ukutani kilikuwa kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji. Sikuhitaji maandishi ya kuniambia ni maji gani. Nimekulia Kitangiri, Mwanza, na ziwa lile nalijua hata likipigwa picha kutoka juu, hata likipita haraka. Wenzangu darasani, wengi wao wa Dar es Salaam na Morogoro, waliandika kitu kwenye madaftari yao. Mimi niliacha kalamu mezani.

Ilikuwa semina ya filamu za makala, muhula wa pili wa shahada yangu ya uzamili. Tulikuwa kumi na mmoja. Filamu yenyewe ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka mwaka 2004, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa zilizowania tuzo ya Oscar. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni bila kuiona. Kwetu ilitajwa kama anavyotajwa ndugu aliyeiaibisha familia: kwa sauti ya chini na bila maelezo.

Tulipofika kwenye mapanki, ukumbi uliguna. Mliowahi kuiona mnakijua kipande hicho. Mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu kiwandani imeanikwa kwenye vichanja vya miti, funza wanatambaa kwenye matope, wanawake wanapita katikati wakiendelea na kazi. Mmoja jicho lake limeharibika, na tunaelezwa kuwa ni kwa sababu ya hewa ya amonia itokayo kwenye samaki wanaooza. Dada aliyekaa mbele yangu alijifunika pua kwa mtandio, utadhani harufu ingetoka kwenye projekta.

Mimi mate yalinijaa mdomoni.

Naandika hili nikiona haya. Mwili wangu ulitangulia akili yangu. Wakati filamu inanitaka nikasirike, ulimi ulikuwa umekwisha kwenda nyumbani, kwenye sufuria ya mama, nyanya mbili, kitunguu, chumvi, na kichwa cha sangara kinachotokota huku mvuke ukigonga mfuniko. Tangu siku hiyo najiuliza hisia ile ilikuwa nini. Ni ushahidi dhidi ya filamu, au ni ushahidi dhidi yangu?

*

Hoja ya Sauper si ngumu kuifuata. Sangara ni samaki mlafi aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Aliwala samaki wengine, akalijaza ziwa kuanzia miaka ya 1980. Viwanda vikajengwa, na minofu ikaanza kupakiwa kwenye ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin kwenda Ulaya. Watu wa ufukweni wakabaki na mifupa. Na ndege zile, filamu inauliza tena na tena, zinapokuja Afrika zinakuja zimebeba nini? Jibu inaloelekea ni silaha.

Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo katika hotuba yake kwa taifa. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kuipinga, Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na akashinda. Ugomvi huo umeandikwa sana, sitaurudia. Swali langu ni dogo kuliko la kwao: mtoto aliyekula mapanki na kuyapenda amekaa wapi ndani ya filamu hii? Maana picha hizo zilipokuwa zikichukuliwa, mimi sikuwa nimeanza hata darasa la kwanza, na nilikuwa pale pale mjini, nakula.

Mama alikuwa anatoka alfajiri na beseni la plastiki, anarudi jua limeshachomoza, maji ya samaki yakimchuruzika begani juu ya kanga. Alinunua mabichi, yaliyotoka kiwandani usiku huo. Mengine aliyakaanga na kuyauza jioni kando ya barabara, mengine yalibaki nyumbani. Kule Kisumu wanayaita mgongo wazi, na jina linatosha kueleza: mgongo, mkia, na kichwa, bila ubavu. Lakini kichwa cha sangara kina nyama kuliko mtu anavyodhani. Kuna mashavu. Kuna nyama ya shingoni ambayo kisu cha kiwandani hakiifikii. Kuna mafuta laini nyuma ya jicho, na hayo tuliyagombania.

Ndege zilipopita juu yetu tulizikimbilia tukizipungia mikono mpaka zipotee. Mchana tuliteleza juu ya majiwe tumekalia vipande vya dumu, kaptula zinatoboka, tunapigwa, kesho tunarudi. Kiangazi shangazi alituletea michembe kutoka Sukumani kwenye mfuko wa sukari. Haya ndiyo niliyonayo. Katika kumbukumbu hizi hakuna hata funza mmoja.

*

Kiswahili hakina neno moja la hisia hii ya kuutamani utoto. Tuna hamu, tuna kumbukumbu, tuna ukiwa. Lakini tuna pia zilipendwa, jina tulilozipa nyimbo za zamani, na sarufi yake inafaa kuangaliwa. Ni kauli ya kutendwa. Zilipendwa, basi, aliyependa hatajwi, wala aliyelipa gharama ya kupenda huko.

Kila wiki simu yangu hupokea picha za utoto wa rika letu. Tairi na kijiti. Mpira wa makaratasi. Watoto saba wamezunguka sinia moja. Chini yake pameandikwa kwamba kama hukupitia haya hukuwa na utoto. Huwa nazisambaza, na sijifanyi kuzidharau. Ila ukizisoma vizuri, zote zinasema kwa kauli hiyo hiyo ya zilipendwa: chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, maisha yalikuwa matamu. Hakuna anayepika. Sinia limejaa lenyewe.

Bibi yangu mzaa mama, wa Ukerewe, hakuwahi kumsamehe sangara. Alisema ana mafuta ya kuchosha na hana ladha. Samaki wake yeye walikuwa furu na ningu, na alipowataja alifumba macho kidogo, kama nifumbavyo mimi nikikumbuka kichwa cha sangara. Furu walikuwa wa mamia ya aina katika ziwa hili, na wengi wao wametoweka. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huichukua hali ya samaki kilivyoikuta mwanzoni mwa kazi yake kuwa ndiyo hali ya kawaida, kisha hupima hasara kuanzia hapo. Kwangu hili si nadharia. Samaki wa utoto wangu ndiye aliyewala samaki wa utoto wa bibi. Ninachokililia mimi, kwake yeye kilikuwa ndiyo msiba wenyewe.

Kisiwa hicho hicho cha Ukerewe kimetupa njia mbili za kuandika mambo yaliyopita, na zote zinaisuta zilipendwa. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Aliandika ili vizazi vya baadaye vijue wazee waliishi vipi, kwa hiyo mtu angetegemea kitabu cha machozi. Sivyo kilivyo. Kitereza anataja kazi: nani analima, nani anapika pombe na kwa hatua zipi, nani anachimba dawa, nani anampelekea nani nini na kwa nini. Kwake hakuna kinachopikwa bila mpishi. Ni kitabu kirefu kwa sababu hiyo, na wenzangu wengi hukikimbia kwa sababu hiyo hiyo.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, alikuja na Rosa Mistika mwaka 1971. Naye anatupeleka kijijini kwao, lakini anafungua mlango tunaopenda ubaki umefungwa. Zakaria analewa na kupiga, Regina anahangaika na watoto, na ukali wa baba unaodaiwa kumlinda Rosa ndio unaomtuma duniani bila kinga. Shuleni tulifundishwa kuisoma kama riwaya ya maadili. Nikiirudia sasa naiona kama riwaya kuhusu nyumba: nani anaibeba, na nani anakula jasho la anayeibeba.

*

Desemba nilikwenda Mwanza na filamu kwenye kompyuta yangu. Mama haangalii filamu ndefu, kwa hiyo nilimwonyesha vipande viwili tu, kile cha mapanki na kile cha watoto wa mitaani wanaogombania sufuria la wali, mikono yote ndani kwa pamoja, mpaka ngumi zinaanza. Nilitegemea atahuzunika au atakasirika. Kwanza alitoa maoni ya kazi.

"Hawa wanakausha. Sisi tulikuwa tunachukua mabichi. Na hapo walipoanika pana maji, lazima yaoze."

Kwenye kile cha wali alinyamaza. Aliomba nikirudie. Nilikirudia. Kisha akasema, "Hapo hakuna wa kugawa."

Nilimweleza yaliyonipata darasani, kwamba wenzangu walikuwa wanaziba pua na mimi nilikuwa natamani mapanki yake. Alicheka sana. Nilitaka kufunga kompyuta, akanishika mkono.

"Wewe ulikuwa unakula kichwa, mwanangu. Mimi nilikuwa nakula nini?"

Nilijibu haraka, kwa sababu jibu nalijua tangu utotoni na ndugu zangu wote wanalijua. "Wewe si hupendi samaki, mama? Ulikuwa unachovya ugali kwenye mchuzi."

"Nani alikwambia sipendi samaki?"

Alituambia yeye. Alisema samaki wanampa gesi. Alilisema jioni nyingi, huku akigawa, na sisi tukalipokea kama tulivyopokea kwamba jua linazama upande wa ziwa. Vichwa vinne, watoto wanne. Mpaka leo tukimpeleka hotelini tunamwagizia kuku bila kumuuliza, na tunajisifu kwamba tunamjua.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema, mngekula?"

*

Sasa naweza kurudi kwenye filamu na kusema ninachokiona.

Mama hakumpinga Sauper. Alimthibitisha kwa namna ambayo Sauper mwenyewe hakuifikia. Filamu inasema minofu ilikwenda Ulaya na watu wa Mwanza wakala mifupa. Nyumbani kwetu kulikuwa na hatua moja zaidi: watoto walikula mifupa, na mwenye beseni akala mchuzi wa mifupa. Hamu yangu haiwezi kutumika kama utetezi wa mji wangu. Wanaosema "mbona tulikula na tulikua vizuri" wanaishia hapo hapo nilipokuwa nimeishia mimi, mlangoni mwa jiko.

Lakini filamu nayo ina upofu wake, na nadhani unatokana na mahali kamera inapokwenda. Sauper anakaa karibu sana na watu, usiku, kwenye vyumba vidogo, na ukaribu huo ndio nguvu yake. Watu anaowakaribia ni mlinzi wa usiku, wasichana wanaouza miili kwa marubani, watoto wa mitaani wanaoyeyusha plastiki na kuvuta moshi wake. Hawa ni watu ambao kila kizuizi kati yao na umaskini kimeshavunjika. Umaskini wao unaonekana, kwa hiyo unapigwa picha. Nyumba ambazo mtu bado amesimama katikati, anadanganya kuhusu gesi tumboni ili sahani zitoshe, hazipigiki picha kirahisi. Uongo wa mama ulifanikiwa, na kwa kuwa ulifanikiwa hakuna aliyeuona, si kamera wala sisi. Matokeo yake, kwenye filamu Mwanza inakuwa mji wa watu wanaofanyiwa mambo. Wanaoneshwa wakipata hasara, ni nadra kuoneshwa wakiizuia.

Hapo ndipo filamu kali na picha za sinia kwenye simu yangu zinapokutana, jambo ambalo sikulitegemea. Moja inasema utoto wetu ulikuwa wa kutisha, nyingine inasema ulikuwa mtamu. Zote mbili zimemwacha nje anayegawa. Na mwanamke huyo ndiye aliyeelewa mara moja, baada ya kuona sekunde chache za wali, kilichokosekana pale: si chakula peke yake, kwa maana sufuria lilikuwa na chakula, bali mtu mzima wa kuamua kwamba yeye hatakula.

Sitaki kuacha kuyatamani mapanki, na sidhani kama ningeweza. Ulimi haufundishiki. Ila nimeanza kuibadili sentensi. Nikiandika "tulikula" najilazimisha kuendelea mpaka nifike kwa aliyepika, kisha kwa alichobakiziwa. Sentensi inakuwa ndefu na utamu unapungua kidogo. Kitereza angeielewa.

Siku moja kabla ya kurudi chuoni nilikwenda Mwaloni, Kirumba, nikanunua kichwa cha sangara mkubwa. Bei yake ilinishtua. Nilipika mwenyewe, kwa nyanya mbili na kitunguu, na mama akaniachia jiko bila kunisahihisha, jambo ambalo si la kawaida. Wakati wa kupakua nilimwekea yeye kichwa chote.

"Hiki si chako?" akauliza.

"Siku hizi kinanipa gesi, mama."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akanawa, akavuta sahani karibu, akaanza na mashavu.