Nyumbu wa Disney Mbele ya Macho ya Ikoma

Kipande chenyewe hakifiki dakika tatu. Simba mtoto yuko chini ya korongo, anajaribu kumngurumia kinyonga. Changarawe zinaanza kurukaruka miguuni pake. Anainua macho, na kutoka ukingo wa juu nyumbu wanaporomoka kwa mamia. Baba mtu anakuja, anamwokoa mwanawe, kisha anaangushwa na ndugu yake wa damu. Waliokulia kwenye vibanda umiza walikuwa na kanuni moja tu ya sinema, kwamba stelingi hafi, na Mufasa akaivunja mchana kweupe. Wabishi watakwambia stelingi wa The Lion King ni Simba, si baba yake. Ubishi huo upo tangu 1994 na safu hii haina mpango wa kuumaliza.

Hapa wanachambuliwa nyumbu. Walitengenezwaje mwaka 1994, wakatengenezwaje upya mwaka 2019, na kwa nini wale wa kwanza wanaaminika zaidi ingawa hawana hata unywele mmoja?

Mahali pa kulipima jambo hili ni Ikoma. Robanda, Nata-Mbiso, Makundusi na vijiji jirani vya Wilaya ya Serengeti vimepakana na upande wa magharibi wa hifadhi ya Serengeti, na kila mwaka, kuanzia Mei hadi Julai hivi, makundi ya nyumbu yanayotoka nyanda za kusini huvuka eneo la mto Grumeti yakielekea kaskazini. Kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951, Waikoma na majirani zao Wanata na Waishenyi walilima, na pia waliwinda kwa kumsoma nyumbu. Mashimo ya mtego yalichimbwa kwenye mapito yake, na uzio wa miba ukalielekeza kundi huko. Mikia ya nyumbu ilibebwa hadi Usukuma, ikarudi kama mifugo. Sasa mtu anayechimba shimo leo kwa ajili ya mnyama atakayepita kesho lazima ajue mapema kundi litapinda wapi na nani atamsukuma nani. Kwa mbali, hiyo ndiyo kazi waliyojitwisha mafundi wa Disney kule California.

Mwaka huohuo wa 1994, mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa rasmi. Wakati dunia inajaza kumbi kutazama nyumbu wakikimbia, watu waliokuwa wakiishi nao walikuwa wanawekewa mpaka mwingine.

Turudi kwenye ufundi. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, hivyo dakika mbili na nusu ni picha 3,600. Ukiweka nyumbu 300 tu katika kila picha, michoro inapita milioni moja. Wachoraji wana ujanja wao wa kuuacha mchoro mmoja ukae picha mbili, lakini hata hivyo inabaki zaidi ya nusu milioni, na kila mchoro una pembe mbili, ndevu na miguu minne inayopishana. Waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff hawakuwa na jeshi la namna hiyo. Kazi ikapelekwa idara ya kompyuta, ambako kikosi kidogo cha watu watano hivi kilikaa nayo kwa zaidi ya miaka miwili.

Walianza na nyumbu mmoja. Kompyuta ilipewa umbo lake, ikafundishwa mwendo wake: anavyokimbia, anavyoruka, anavyoinamisha kichwa. Hadi hapo hakuna ajabu. Ugumu unaanza unapomnakili. Nyumbu mmoja akizidishwa mara mia tatu, kwato zote zinagusa chini kwa mpigo mmoja kama gwaride la Uhuru, na jicho la mtazamaji, hata la mtoto, linashtuka kwamba kuna udanganyifu. Isitoshe wanapita ndani ya miili ya wenzao. Ikabidi iandikwe programu mpya ambayo ingempa kila mnyama njia yake na kumzuia asigongane na jirani.

Wazo la ukoo huo lilikuwa limeshajulikana miaka michache kabla. Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Craig Reynolds, alionyesha kwamba kundi la ndege halihitaji kamanda. Mpe kila ndege masharti matatu: usimgonge aliye karibu, elekea wanakoelekea jirani zako, usiachwe mbali na wenzako. Kundi litajitokeza lenyewe na litapinda lenyewe. Mashabiki wa vitabu vya katuni waliuona ufundi huo mapema: popo wa Batman Returns ya mwaka 1992, filamu iliyotokana na katuni za Batman, waliendeshwa kwa njia hiyo.

Baada ya kuhangaika kote huko, wale mafundi wakaificha kompyuta yao. Nyumbu walipakwa rangi bapa na kuzungushiwa mistari ili wafanane na Simba na Mufasa waliochorwa kwa penseli, na mtazamaji asijue wapi mkono umeishia na mashine imeanzia. Safu hii inawapa alama nyingi kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Mtu wa Ikoma anakubali nini hapo? Anakubali msukumo. Katika kundi la nyumbu hakuna jemadari anayetoa amri. Wa mbele anasukumwa na wa nyuma, na wa nyuma haoni kilicho mbele. Ndiyo maana kwenye kingo za mto Mara wanyama husitasita muda mrefu, kisha mmoja akiteleza wote wanamfuata, na wengine wanakufa maji kwa uzito wa wenzao tu, mamba hajamgusa hata mmoja. Nyumbu wa 1994 wanavuka ule ukingo wa korongo kwa namna hiyohiyo. Hawashuki kwa ushujaa. Wamekosa nafasi ya kusimama.

Asichokikubali ni korongo. Wachoraji wa Disney walizuru Kenya, na kuta za mawe walizozipenda zilikuwa za Hell's Gate, karibu na Naivasha. Ni mahali pazuri kwelikweli, ila nyumbu wa Serengeti ili wafike huko watahitaji nauli.

Kuna hila nyingine ambayo wengi waliiona bila kujua wameona nini. Mara tu Simba anapolitambua kundi, uso wake unasogea karibu huku korongo nyuma yake likirudi mbali, vyote kwa wakati mmoja. Kwa kamera halisi hilo hufanyika kwa kuisogeza kamera huku lenzi ikivuta upande wa pili, na Alfred Hitchcock ndiye aliyelitia umaarufu katika Vertigo ya mwaka 1958. Wachoraji hawakuwa na kamera ya kusogeza. Walichora uso na mandhari kando kando, wakavipitisha kwa kasi tofauti. Hofu ya mtoto imepimwa kwa umbali, na haikuhitaji neno.

Mwaka 2019 Jon Favreau alikuja na mtaji wa aina nyingine. Alitaka The Lion King ionekane kama filamu ya maisha ya porini, iliyopigwa na mtu aliyejibanza kwenye Landrover. Kikosi chake kilikwenda Kenya kupiga picha za majani, mawe na mwanga, kisha nchi nzima ikajengwa ndani ya Unity, programu inayotumika kutengenezea gemu za kompyuta. Wakiwa ndani ya jengo huko Los Angeles, Favreau na mpiga picha wake mkuu, Caleb Deschanel, walivaa miwani ya uhalisia pepe wakatembea kwenye nyika isiyokuwepo, wakichagua pa kusimama. Wakishachagua, walivua miwani na kushika vifaa vya kweli: reli ya kamera, miguu mitatu, kreni, vyote vimefungwa vihisio. Kamera ikitikisika kidogo mikononi mwa mtu, mtikisiko huo uliingia kwenye picha. Baadaye kampuni ya MPC ikavika kila kitu ngozi, misuli na manyoya.

Favreau alieleza mwenyewe kwamba katika filamu nzima kuna picha moja tu iliyopigwa kweli barani Afrika, ile ya kwanza, ya jua likichomoza. Zilizobaki, karibu 1,500, zimetoka kwenye mashine. Dola zaidi ya bilioni 1.6 zikaingia, na kwa upande wa fedha hakuna cha kuwafundisha.

Kwa upande wa nyumbu kipo. Wale wa 2019 ukiwasimamisha picha moja moja hutapata kosa: nundu ya mabega iko juu kuliko nyonga kama ilivyo, mkia uko sawa, vumbi limekaa. Waachie wakimbie na kipande kinapoa. Kamera inashika adabu ya filamu za wanyama, inakaa mbali panapotaka kukaribia. Simba mtoto naye amenyimwa nyusi, kwa sababu simba wa kweli hana nyusi za kupandisha, na hapo baba anapokufa, sauti inalia na uso umetulia. Wale wa 1994 walijifunza kundi. Hawa walijifunza ngozi. Uhalisi wa ngozi umelipiwa kwa uso.

Si kila kitu cha 2019 ni hasara. Fisi ni mfano. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi madoa katika Serengeti na Ngorongoro na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kwamba majike ndio wakubwa. Filamu mpya imemweka Shenzi juu ya fisi wote, kwa sauti nzito ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala ambaye mashabiki wa Marvel wanamjua kama Ayo, askari wa Wakanda.

Scar, yule ndugu aliyemwangusha Mufasa, naye amerekebishwa. Mwaka 1994 alipewa manyoya meusi ya shingoni, kanuni ya zamani ya wachora katuni kwamba adui apakwe weusi. Serengeti inasema kinyume. Peyton West na Craig Packer waliweka masanamu ya simba yenye manyoya ya rangi tofauti mbele ya simba hai, wakachapisha matokeo mwaka 2002: majike huvutiwa na weusi, madume huuogopa. Kwa kipimo hicho Scar wa mwanzo ndiye angekuwa bwana wa mbuga, na Mufasa mwekundu angebaki akisubiri. Yule wa 2019, mkondefu mwenye manyoya machache, ni dume linaloweza kushindwa.

Hata huo mtindo wa filamu ya porini alioutafuta Favreau una mizizi huku. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walirusha ndege yao yenye milia ya pundamilia juu ya nyanda hizi wakihesabu wanyama, na filamu yao, Serengeti darf nicht sterben ya mwaka 1959, ilishinda Oscar mwaka uliofuata, baada ya Michael kufa kwa ndege hiyo kugongana na tai. Walihesabu nyumbu karibu laki moja. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 1.3, na sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa maeneo haya walichanjwa, ugonjwa wa sotoka ukatokomea, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Kundi kubwa ambalo dunia inalijua kwenye sinema ni zao la sindano ya ng'ombe. Ila katika sinema hizi za Disney hakuna ng'ombe, hakuna mchungaji, hakuna shimo la mtego. Nyika imekaa yenyewe, na mtu hayumo.

Wapenzi wa katuni wana kesi yao pia. Osamu Tezuka wa Japani alianza kuchapisha hadithi ya simba mweupe, Jungle Taitei, mwaka 1950, na ilipogeuzwa kuwa katuni ya televisheni mwaka 1965 Wamarekani walimwita Kimba. Disney walikana kuiga. Mfanano wa baadhi ya picha unamtosha shabiki kubishana usiku kucha, lakini kwenye hadithi yenyewe Kimba anaishi na binadamu na kugombana nao, na hapo ndipo hadithi hizo mbili zinapoachana.

Desemba 2024 ikaja Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins. Nyuso zimerudishiwa uhai, kamera inasogea hadi puani, na adui ni simba weupe ambao kwa kawaida hutajwa Timbavati, Afrika Kusini, si huku. Miezi miwili baadaye Technicolor, kampuni mama ya MPC, ilianguka kifedha na mafundi wake wakatawanyika, kwa hiyo kundi lijalo litafugwa na watu wengine.

Watakaolipokea wana kazi moja ambayo filamu zote zimeiruka. Nyumbu aliyeshtuliwa hakimbii bila kikomo. Hukimbia kidogo, husimama, hugeuka, humtazama aliyemshtua, kisha huamua upya. Reynolds aliandika masharti matatu. Hilo lingekuwa la nne, na mtoto yeyote wa Robanda anaweza kuwaonyesha mwezi Juni.