Matao Hayapandishi Maji: Ngome ya Kairo Ilivyonyweshwa

Salahuddin al-Ayyubi alipoanza kuijenga Ngome ya Kairo mwaka 1176, alichagua kilima cha mwamba kilichochomoza kutoka safu ya Muqattam. Kwa mwanajeshi mahali pale palikuwa pazuri: aliye juu huliona vumbi la adui mapema. Kwa mchota maji palikuwa balaa. Mto Nile, wenye maji yasiyokwisha, uko bondeni, takriban kilomita 3 kutoka hapo, na maji hayapandi mlima kwa amri ya sultani.

Wapitao leo barabara ya Magra al-Uyun hupiga picha safu ndefu ya matao ya mawe inayotoka mtoni kuelekea ngomeni. Ni ya kupendeza, hakuna ubishi. Lakini matao yale hayakupandisha hata tone moja. Kazi yake ilikuwa kuyabeba maji yaliyokwisha kupandishwa na kuyaacha yateleze taratibu katika mfereji ulio juu yake. Uhandisi wenyewe uko mwanzoni mwa safu na mwishoni mwake.

Suluhisho la kwanza lilikuwa ndani ya ngome: Kisima cha Yusuf, kilichoitwa kwa jina halisi la Salahuddin mwenyewe, ingawa wengi humkumbuka Nabii Yusuf wakisikia jina hilo. Kilichongwa katika mwamba mtupu hadi kina cha karibu mita 90. Sasa fikiria mshipi mmoja wa kamba na vyungu ukishuka kina chote hicho na kurudi: mita 180 za kamba zinazopaswa kujibeba zenyewe, zibebe vyungu, kisha zibebe maji. Ni kweli kwamba vyungu vitupu vinavyoshuka husawazisha uzito wa vile vinavyopanda, lakini kamba ya juu kabisa bado inavutwa na uzito wote unaoning'inia chini yake. Wachongaji wakakigawa kisima sehemu mbili, moja juu ya nyingine. Katikati wakaacha jukwaa ndani ya mwamba, maksai wakazungusha gurudumu huko huko chini, gizani. Maji ya sehemu ya chini yalimwagwa katika birika, na maksai wengine juu wakayapokea. Ili wanyama waweze kushuka, njia ya mteremko ilichongwa ikilizunguka shimo.

Kisima kiliwafaa watu waliozingirwa. Hakikufaa kasri lenye mabustani, mahamamu na mazizi ya farasi, na Sultani Nasir Muhammad alivitaka vyote. Mwaka 1312 aliweka magurudumu manne kando ya Nile ili maji ya mto yafike ngomeni kwa mfereji. Karibu miaka 200 baadaye Qansuh al-Ghuri, aliyetawala kuanzia 1501 hadi 1516, akajenga upya sehemu ya kuchotea: mnara mnene wa mawe wenye pande sita, pale Fumm al-Khalij.

Ukiutazama mnara huu kama ngome ndogo, hutauelewa. Ni mashine. Maji ya mto yaliingia chini yake, na juu ya paa kulikuwa na magurudumu sita. Maksai walipandishwa kwa njia ya mteremko, wakafungwa kwenye mti na kuzunguka. Mti ule ulizungusha gurudumu lililolala, meno yake yakauma meno ya gurudumu lililosimama, na hilo likavuta mshipi wa vyungu kutoka chini. Kila chungu kilipofika kileleni kilipinduka na kumwaga maji katika hodhi, nayo yakaingia mferejini.

Urefu wa mnara ndio ulioamua kila kitu kilichofuata. Mfereji hauna pampu. Unahitaji mteremko mdogo tu, lakini lazima uanze juu kuliko unakoishia. Mita moja iliyopungua mnarani ni mita moja iliyopotea njia nzima. Hata hivyo kilima kiliushinda mnara: maji yalifika chini ya ngome, si ndani yake, na huko magurudumu mengine yakayapandisha tena kwa hatua. Ni mbinu ile ile ya kisima, ila imelazwa juu ya kilomita tatu za mji.

Udhaifu wake haukuwa katika mawe. Kamba huoza, chungu huvunjika, meno ya mbao hulika, na ng'ombe hula kila siku, kuwe na vita au amani. Hatua moja ikisimama, zote hukauka. Kwa jicho la mlinzi, mfereji ulio nje ya ukuta pia ni rahisi kukatwa, na ndiyo maana kile kisima cha gizani hakikupoteza thamani yake.

Wanajeshi wa Bonaparte, waliokuwa Misri kuanzia 1798 hadi 1801, waliona matumizi mengine kabisa: waliziba matao wakaugeuza mfereji kuwa ukuta wa kujihami. Katika karne ya 19 maji yalipita tena juu yake, hadi pampu za mvuke zilipoanza kuyasukuma maji ya Nile moja kwa moja, bila maksai na bila mnara.