Upepo Ndani ya Breki

Fundi anayeshusha injini hupata watazamaji. Akiitandaza vipande vipande chini ya mwembe, kisha jioni ikanguruma, mtaa mzima utalijua jina lake. Mimi leo namsifu mwenzake ambaye hatazamwi na mtu: yule anayeletewa gari lenye breki ambazo hazijakatika wala hazivuji, ila ukikanyaga, mguu unazama kama umekanyaga godoro, na gari linasimama likipenda.

Hapa Kamina, nchini Kongo, kazi hiyo haikosekani. Mji huu ni njia panda ya reli. Hapo njia inayotoka Lubumbashi hugawanyika, moja ikaenda Ilebo, nyingine Kabalo hadi Kalemie. Lakini treni ina siku zake, na mwenye haraka hutafuta gari. Magari mengi ya Katanga ni mitumba ya Japani iliyoshushwa Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Mwenye gari anajua bei aliyolipa na idadi ya viti. Mafuta ya breki yaliyomo yalitiwa mwaka gani, na nani, hajui, na hakuna aliyemwambia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa kikibanwa mahali pamoja, mgandamizo huo hufika kote sawasawa. Mmarekani Malcolm Loughead akaligeuza jambo hilo kuwa breki, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ikatoa gari lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Mfumo mzima umesimama juu ya hili: mafuta hayakubali kushindiliwa. Upepo unakubali. Povu likiingia kwenye bomba, nguvu ya mguu inaishia kulibana povu badala ya kubana diski. Cha kuchekesha ni kwamba katika uwanja huohuo wa garaje huenda limeegeshwa lori zito linalofunga breki kwa upepo, na upepo ukiliishia halitoki lilipo. Kijana anayejifunza kazi inabidi ayabebe yote mawili kichwani.

Fundi mzuri haanzi na spana. Anauliza. "Papa, ilianza lini? Inakuwa hivyo tangu asubuhi, au mpaka gari litembee kwanza?" Swali la pili lina uzito wake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na huku mvua zikianza Oktoba zinaendelea hadi Aprili. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Gari lililojaa watu na magunia likipigwa breki mfululizo, maji yale yanageuka mvuke na pedeli inazama. Likipoa, pedeli inarudi, na mwenye gari anaonekana mwongo mbele ya fundi asiyeuliza.

Kisha anaingia mwenyewe na kukanyaga, injini ikiwa imezimwa. Pedeli ikipanda na kukaza kadiri anavyorudia harakaharaka, anashuku upepo, au breki shuu za nyuma zilizolika zikakaa mbali na ngoma. Ikikaza, halafu chini ya mguu uliotulia ikashuka polepole bila tone kuonekana nje, ugonjwa uko kwenye masta silinda: mipira ya ndani imechoka, mafuta yanapenya kando yake. Anashika bomba la mpira karibu na gurudumu huku kijana akikanyaga. Likivimba kiganjani, amelijua tatizo. Akitaka uhakika zaidi, anayabana mabomba hayo moja baada ya jingine kwa kibanio kisichokata. Pedeli itakapokaza ghafla, gurudumu lenye kasoro limejitaja lenyewe. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, maana uchunguzi umekwisha na hakuna boliti iliyoguswa.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko kwenye kiti, mwingine amelala kando ya gurudumu na kibomba cheupe kinachoonyesha ndani, ncha yake imezama katika chupa yenye mafuta kidogo. "Kanyaga. Shika." Skrubu ya kutolea upepo inalegezwa kidogo, mafuta meusi yanatoka yakikokota mapovu, skrubu inakazwa, ndipo "Achia." Kijana akiachia mapema, upepo unavutwa ndani na wanaanza upya. Na upo mtego uliowachosha wengi: mtu alifungua kalipa za mbele, akazirudisha ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida, lakini skrubu sasa iko chini, na upepo siku zote hukaa juu. Hapo utamwaga mafuta mpaka jua lizame, pedeli ni ileile. Anayeligundua hilo kwa kuinama na kutazama tu anastahili malipo yake yote.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato, wakaongeza mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki. Mafuta hayo huvimbisha mipira, na mwisho wake breki hakuna. Fundi akiwa na shaka huchota kidogo akatia kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji. Yakielea, yametiwa yasiyo yake, na mipira yote ibadilishwe, hata kama mwenye gari atanuna.

Basi, ndugu mwenye gari, nunua kopo ambalo halijafunguliwa, badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2, na fundi akikuuliza maswali mengi kabla ya kushika spana, usimharakishe.