Bwana Kisiwani: Upweke na Utumwa katika Robinson Crusoe ya Luis Buñuel

Filamu ya Robinson Crusoe, iliyotolewa mwaka 1954, ni kazi ya watu waliojua maana ya kutupwa mbali na kwao. Mwongozaji wake, Luis Buñuel, alikuwa Mhispania aliyeishi uhamishoni Meksiko, na huko ndiko filamu ilikotengenezwa. Mwandishi mwenzake, Hugo Butler, alikuwa mzaliwa wa Kanada aliyefungiwa milango ya Hollywood kwa sababu za kisiasa, akalazimika kujificha nyuma ya jina la bandia. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Buñuel kwa rangi na kwa lugha ya Kiingereza.

Riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719 ni kitabu cha hesabu kwa kiasi kikubwa. Crusoe anahesabu nafaka, mbuzi na baruti. Hata mema na mabaya ya hali yake anayapanga safu mbili, kama mfanyabiashara anayelinganisha mali na madeni. Buñuel anaionyesha kazi hiyo ya mikono kwa uaminifu, lakini moyo wa filamu yake uko kwingine, yaani katika sauti. Mbwa wake Rex anapokufa, Crusoe anakwenda kwenye bonde lenye mwangwi na kuipaza Zaburi ya 23, apate angalau kujibiwa. Kinachomrudia ni maneno yake mwenyewe. Dan O'Herlihy, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa uigizaji huu, anaibeba sehemu kubwa ya filamu peke yake, na katika onyesho hilo imani na wazimu vinakaribiana mno.

Kwa hiyo Friday, anayeigizwa na Jaime Fernández, anapofika, mtazamaji anatarajia furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Badala yake Crusoe anamfunga pingu za miguuni. Katika riwaya, mashaka yake ya siku za mwanzo yanaishia kwenye kuziba njia ya kuingilia usiku. Pingu zimeongezwa na filamu. Nyongeza hiyo haimsingizii Crusoe. Defoe mwenyewe anaeleza kwamba jahazi lililovunjika lilikuwa safarini kwenda Guinea kutafuta watumwa, na kwamba kabla ya hapo Crusoe alikwisha kumuuza Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani. Pingu zinakidhihirisha kile ambacho msimulizi wa riwaya anakipita haraka.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulitazama kwa makini suala la majina. Friday akiitwa Juma, anapata jina la heshima, ambalo mzazi humpa mwanawe aliyezaliwa siku ya Ijumaa. Ukatili wa kumpa mtu mzima jina la siku aliyookotwa, bila kumuuliza lake, unatoweka. Kwa upande mwingine, Kiswahili kinafichua jambo ambalo Kiingereza kinalitenga kwa maneno mawili. Anayeitwa katika zaburi ile ni Bwana, na neno ambalo Crusoe anamfundisha Friday kumwitia ni Bwana vilevile. Aliyemlilia Bwana bondeni bila kujibiwa anajifanya bwana mara tu anapopata wa kumjibu.

Hata hivyo Friday wa Buñuel si mwangwi. Anauliza kuhusu Mungu na shetani maswali ambayo mwalimu wake hana majibu yake, na polepole pingu zinaachwa, hofu inaisha, na wawili hao wanakaa kama marafiki. Hapo filamu inamzidi Defoe kwa utu. Lakini haivuki mpaka wa mwisho: Friday anaondoka kisiwani akimfuata Crusoe kwenda Uingereza, na hatuelezwi anakiacha nini nyuma yake, wala ndugu zake watamkumbuka kwa jina gani.

Wakati wa kuondoka, Crusoe anasikia mbwa akibweka, ilhali Rex amekufa miaka mingi. Wengi wamelipenda onyesho hilo kwa huzuni yake. Linafaa pia kusomwa kama ungamo la filamu yenyewe: baada ya miaka 28, kisiwa kina sauti moja tu ya kumuaga, nayo ni ya kiumbe ambaye hakuhitaji kufungwa pingu ili ampende. Friday amesimama karibu naye, na bado hajaulizwa jina lake.